Sikio la Mwenye Kuitwa

Mwanamke wa makamo anayepanda daladala Darajani kuelekea Mwanakwerekwe huweza kubadilishwa jina mara nne kabla ya kushuka. Utingo humwita "dada" anapomtaka apande, humwita "mama" anapomdai nauli, na kijana anayempisha kiti humwita "bi mkubwa". Akikawia kushuka kwa sababu ya mzigo wake, dereva aliyechoka kungoja hutoa kichwa dirishani na kusema "wewe mwanamke!" Katika safari hiyo fupi amekuwa ndugu, mzazi, mwenye nyumba na mkosaji, wala hapana aliyetaka kujua jina lake.

Adabu ya kuitana ni miongoni mwa mambo ambayo Waswahili hujivunia, na wana haki ya kujivunia. Mtoto hufundishwa mapema kwamba mtu mzima haitwi kwa jina tupu, na kwamba hata asiyejulikana hutafutiwa udugu kabla ya kuulizwa njia. Lakini adabu hiyo husifiwa kwa upande wa kinywa: nani kasema, kwa neno gani, kwa unyenyekevu kiasi gani. Sikio la aliyeitwa husahauliwa. Hudhaniwa kwamba maadamu neno limo katika hesabu ya maneno ya heshima, basi aliyeitwa ameheshimika, na akikunja uso ni mwenye kiburi. Dhana hiyo haistahiki kuachwa hivi hivi, na ushahidi wa kuikosoa umo ndani ya fasihi na historia ya Kiswahili yenyewe, hata pale ambapo waandishi hawakukusudia kuutoa.

Neno la kuanzia ni bibi, kwani ndilo lililoporomoka zaidi. Lilivuka bahari kutoka Uajemi na Bara Hindi, na kwa muda mrefu likawa ndilo neno la mwanamke mwenye hadhi yake, awe ameolewa au hakuolewa, awe mzee au kijana. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926. Alipoanza kuwakusanya wanawake wa TANU mwaka 1955 alikuwa hajatimiza miaka thelathini, naye alikuwa Bibi Titi. Hapana aliyedhani kwamba anaitwa kizee. Leo mwanamke wa umri huo akiitwa bibi atageuka nyuma kutazama ni nani aliyesimama mgongoni mwake. Neno limebakia kwa mzazi wa mzazi, kwa ile "mabibi na mabwana" ya washehereshaji ambayo hakuna anayeisikiliza, na kwa bibi harusi, ambacho ni cheo cha siku chache tu. Kifupi chake, Bi, bado kinaishi Unguja na Pemba, na ndicho kilichobeba heshima yote ambayo neno zima limeipoteza.

Mwana nalo limepita njia hiyo hiyo. Katika karne ya 17 Unguja ilitawaliwa na malkia aliyeitwa Mwana Mwema. Huko kaskazini, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake maarufu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wahakiki wamebishana sana juu ya utendi huo, kama unamfunga mwanamke au unamfundisha jinsi ya kuishi ndani ya kifungo. Jina la mtunzi halijapata mjadala wa namna hiyo, na lilistahiki. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mtu ambaye vita vyake na Masultani wa Unguja vilimpa jina kubwa. Pamoja na ukubwa huo, katika jina la Mwana Kupona mume hamna. Mna cheo chake mwenyewe, jina lake mwenyewe, na jina la baba yake. Mwanamke wa pwani aliingia katika ndoa kwa jina alilozaliwa nalo na akatoka, kwa talaka au kwa kifo, akiwa nalo.

Uzito wa jambo hilo huonekana vizuri zaidi kwa aliyelipoteza. Salme, binti wa Seyyid Said, alibatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara wa Kijerumani, na kutoka hapo akawa Emily Ruete, jina la kwanza la kubatizwa na la pili la mume. Kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 zina mengi ya kuvutia, lakini lililo karibu na mada hii ni habari za mama yake wa kambo, Azze binti Sef, mke pekee wa nikaha katika nyumba iliyojaa masuria. Salme anaeleza kwa uchungu usiofichika kwamba kila mtu, hata watoto wa mumewe, alilazimika kumwita kwa cheo cha ukubwa. Ni ukurasa mmoja au miwili tu, lakini unaonyesha kwamba ndani ya kuta za Mtoni wanawake walipimana kwa miito kila siku, na kwamba mtoto mdogo aliyekuwa akipita na kubusu mikono alikuwa akisikia, akayahifadhi moyoni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Suria hakuwa mke, na hakuwa mjakazi kama wajakazi wengine. Basi alikuwa nani? Sheria ilipolazimika kujibu suali hili, matokeo yake hayakuwa ya maneno matupu. Amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama za Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wahesabiwe kama wake. Mpagazi na mchuma karafuu waliweza kwenda kudai uhuru wao. Suria, kwa kuwa ameitwa jina lililo karibu na mke, alibakia alipo, isipokuwa athibitishe ukatili. Alingoja hadi amri ya mwaka 1909. Wale wanaosema kwamba kuitwa hivi au vile ni jambo dogo la wanawake wa barazani wangezingatia miaka hiyo kumi na miwili.

Ndani ya ulimwengu huo, huko Fumba, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na jina lilieleza hali ya nyumba. (Ni kweli kwamba Mtumwa ni jina ambalo bado lipo Unguja na Pemba, na kwamba wako wazazi wanaompa mtoto jina la unyonge makusudi ili asihusudiwe, khasa wakiwa wamekwisha kuzika wengine. Lakini kwa aliyezaliwa wakati ule na kwa wazazi wale, jina lilikuwa habari zaidi kuliko kinga.) Mtoto huyo alikua akiuza vyungu, akahamia mjini, akaimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Jina alilokuja kujulikana nalo ni Siti, ambalo kwa Kiarabu ni bibi, mwanamke mwenye hadhi.

Shaaban Robert alimwandikia wasifu katika miaka ya 1950, nao ni kitabu cha mapenzi makubwa. Kina kasoro moja ambayo imerithiwa na karibu kila aliyeandika juu ya Siti baada yake. Safari ya kutoka Mtumwa hadi Siti husimuliwa kama zawadi: jamii ilimwona, ikamtukuza, ikampa jina zuri. Msomaji hutakiwa ashangilie pamoja na wanaotoa. Lakini mtu yule yule aliyeitwa Siti jukwaani alikuwa ameitwa Mtumwa kwa miaka mingi, na sikio lililosikia la pili ndilo lililosikia la kwanza. Waliomwita Siti walikuwa ni pamoja na wale ambao baba zao waliwamiliki watu wa mfano wa baba yake. Wasifu unaomtazama kutoka upande wa kinywa hauwezi kuuliza kama jina jipya lilimfariji au lilimkumbusha kila siku lile alilofunikiwa.

Kuna sehemu ya tatu katika jina lake ambayo husomwa haraka haraka: binti Saad. Katika miaka ile wengi waliotoka utumwani walibadili mavazi, walibadili makabila mbele ya karani wa sensa, na baadhi yao walijiunga na koo za waliokuwa mabwana zao. Yeye aliimba kwa jina la Saad, mkulima wa Fumba, na santuri zilizopigwa majumbani mwa wakubwa zilibeba jina la mtu ambaye wakubwa hao wasingemkaribisha barazani. Siti alipewa. Binti Saad aliondoka nalo mwenyewe kutoka kwao. Ikiwa kuna mahali pa kutafuta hisia zake juu ya namna alivyoitwa, ni hapo.

Mwimbaji mwengine wa Unguja anafaa kutajwa karibu naye. Fatma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana duniani kwa jina la Bi Kidude. Kidude ni kitu kidogo kisicho na jina, naye inasemekana aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Lakabu hiyo aliibeba hadi kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani, na mbele yake watu wakaweka Bi. Maneno hayo mawili yanavutana: moja linampandisha na jengine linamshusha. Yeye alikaa katikati akavuta sigara yake. Hapana shaka kwamba alilimiliki jina lile, lakini alilimiliki kwa nguvu ya sauti na miaka. Si kila aliyeitwa kidude hupata nafasi hiyo.

Hapa sarufi ina la kusema. Hebu yatazamwe majina yanayomfuata mwanamke tangu utoto hadi kaburini. Kabla ya kuvunja ungo ni kigori. Akipendeza ni kisura, kidosho, kimwana. Akiwekwa na mwanamme pasipo ndoa ni kimada, na akisemwa vibaya mtaani ni kirukanjia. Akifiwa na mume, katika miezi minne na siku kumi za eda, ni kizuka, neno ambalo pia ni la pepo au kitu cha kutisha kinachotokea ghafla. Akizeeka ni kizee na kikongwe. Zamani, akiwa amenunuliwa angali mdogo, alikuwa kijakazi. Umri wote wa mwanamke, mapenzi, dhambi, msiba na uzee wake, waweza kusimuliwa bila ya kutoka katika kiambishi ki-.

Mwanasarufi atajibu haraka, na atakuwa na haki kwa kiasi. Atasema kiongozi naye ana ki-, kadhalika kijana na kinyozi, na hakuna aliyelia. Ataongeza kwamba majina haya hupatanishwa kama ya watu: kigori amekuja, si kimekuja, na kwa hiyo lugha imewarudishia utu wao katika kitenzi. Hoja hizo ni nzuri. Hata hivyo kiongozi ana mwenzake anayempa cheo, na kizee hana. Mwanamme akizeeka huwa mzee, na uzee wake ni daraja: Mzee hutangulizwa mbele ya jina la rais, la sheha, la mwenye duka. Lingetafutwa neno linalolingana nalo kwa mwanamke lingepatikana bikizee, ambalo humpatia mtu kiti katika daladala lakini halimpatii zamu ya kusema mkutanoni. Ajuza ni baya zaidi. Mwanamke wa miaka sabini aliye timamu, mwenye akili kuliko baraza zima, hulazimika kuchagua baina ya kuitwa bibi, kama kwamba wote ni wajukuu zake, na kuitwa mama.

Waandishi wa riwaya wa Unguja wamekuwa na sikio kali katika hili, kuliko wahakiki wao. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi, mtumishi wa kike wa kasri anaitwa Kijakazi. Kitabu kizima ni cha kuporomoka kwa utawala wa mabwana, na mwisho wake mashamba yanabadili wenyewe. Jina la Kijakazi halibadiliki. Wako watakaosema huo ni usahaulifu wa mwandishi, kwamba mpenda mapinduzi hakuona mapinduzi yaliyobakia mdomoni mwa msimulizi wake. Inawezekana. Lakini yafaa pia isemwe kwamba hapo ndipo riwaya ilipo karibu zaidi na ukweli. Amri hutiwa saini kwa siku moja, na anayeitwa Kijakazi huamka kesho yake akaitikia "labeka" ile ile, kwani hana jina jengine la kuitikia.

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed yumo mwanamke mtu mzima aitwaye Biti Kocho. Biti ni binti ya, na kwa hiyo mama huyu wa makamo, mwenye maarifa yake na siri za nyumba za watu, anajulikana kwa kuwa mtoto wa Kocho basi. Kocho mwenyewe hana kazi katika kisa. Katika kitabu hicho hicho yumo Mama Jeni, na nyumba yake siyo ya malezi. Mwandishi hakulifafanua hilo, ameliacha neno mama lining'inie juu ya mlango wa nyumba ile, na Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake na kulia na mama yake mzazi, anaingia humo. Msomaji anayefuata ni nani anamwita nani, na lini, atakuwa ameifahamu Utengano kwa upande ambao masuali ya mitihani ya skuli hayaufikii.

Hilo neno mama sasa linatawala. Limemeza bibi, limemeza mwana, na limeanza kummeza dada. Wapo wanawake wanaolipenda, na hawana haja ya kufundishwa kwamba wamekosea. Kwa aliyetaabika kwa uzazi, kuitwa Mama Ali ni hati ya ushindi, na desturi yenyewe ni kongwe, inafanana na ile ya Waarabu ya kumwita mtu kwa mwanawe wa kwanza. Mume aliyeona haya kulitaja jina la mkewe mbele ya watu alipata pa kujificha kwa kusema mama watoto. Baba Ali naye yupo, itasemwa. Yupo, lakini akitoka mlangoni huwa fundi, huwa maalim, huwa nahodha, au huitwa jina lake. Mama Ali akitoka mlangoni ni Mama Ali, na akifika sokoni ni mama. Bara kuna wanawake wanaouza chakula barabarani ambao jina la kazi yao limekuwa mama ntilie, yaani amri ya mteja mwenye njaa imegeuzwa kuwa jina la mpishi.

Mwanamke asiyezaa huitwa mama mara ngapi kwa siku? Muuza samaki anamwita, mtoto wa jirani anamwita, karani anamwita. Kila mmoja ana nia njema, na nia njema ndiyo inayomnyima nafasi ya kujibu. Akisema "mimi si mama wa mtu" atakuwa ametangaza mwenyewe kile ambacho mtaa hunong'ona. Basi anaitikia. Mengi yanayoitwa ridhaa ya wanawake kwa miito yao ni ya namna hiyo: wameitika kwa sababu kutoitika kuna gharama.

Zito zaidi ni la aliyekuwa Mama Ali, na Ali akafa. Mtaa mzima kwa miaka umemwita mwanamke huyo kwa jina la mwanawe. Siku ya arubaini imepita, kanga zimefuliwa, na sasa jirani anahitaji kuazima mchi. Atamwitaje? Wako wanaoendelea kama zamani, wakiamini kwamba kulificha jina ni kumzika mtoto mara ya pili. Wengine humhamisha, wakamwita kwa mtoto anayefuata, na mwanamke huyo akaanza kuzoea jina jipya huku la kwanza likimponyoka vinywani mwa watu. Ikiwa hapana anayefuata, husitasita mlangoni, wakasema "mama", na wakanyamaza pale ambapo jina lilikuwa. Hapana baraza wala kamusi iliyotoa hukumu juu ya lipi kati ya matatu hayo ndilo la heshima. Mwenye kulijua ni mmoja tu, na hakuna aliyezoea kumuuliza.

Machi 2021 mzaliwa wa Kizimkazi, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Haukupita muda akawa Mama Samia, kisha Mama tu, kwenye mabango, nyimbo na hotuba za mawaziri. Mapenzi yamo humo, na siasa imo. Mtangulizi wake wa Kizanzibari katika kiti hicho, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa Mzee Mwinyi, na baba hakuitwa isipokuwa kwa wanawe. Ni vyema ikumbukwe kwamba katika siku zile za mwanzo, kwenye maombolezo ya kitaifa Dodoma, yeye mwenyewe aliwajibu wenye shaka kwa kueleza kuwa aliyesimama mbele yao ni Rais, ambaye maumbile yake ni ya kike. Mpangilio wake ulikuwa huo: cheo kwanza, jinsia baadaye. Waliomsikiliza wamechagua kinyume chake, na wimbo wa kumsifu mama ni mwepesi kuliko kumkosoa rais au kumtetea.

Dada, kwa upande wake, amepatwa na jengine. Katika nyumba za mijini msichana wa kazi huitwa dada na watoto, na mama na baba, hata na wageni waliofika jana. Udugu huo ni wa ajabu, kwa kuwa ndugu huyo hali mezani. Anaweza kukaa miaka miwili na kuondoka pasina mtu ndani ya nyumba kulijua jina la baba yake. Mjakazi wa zamani angalau aliitwa kwa jina, hata kama jina lenyewe lilikuwa Kijakazi.

Yako maneno ambayo wanawake waliyatunza kwa matumizi yao wenyewe, wasiyapewe na mwanamme wala mtoto. Shoga lilikuwa mbele ya yote. Kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa ndani, wa kugawana siri na sare ya kanga, na kuitwa shoga na mtu ilikuwa ni kuchaguliwa. Hilo ndilo neno pekee la mwito ambalo mwanamke hakulipata kwa kuzaliwa, kuolewa, kuzaa wala kuzeeka. Huko bara, na sasa kwenye redio na simu za vijana hata visiwani, shoga limekuwa tusi la kuwarushia wanaume. Wasichana wa mjini wameanza kuliogopa. Watu wazima bado husema "shoga yangu we" barazani jioni, wakatazama kwanza nani yupo karibu. Neno la kulirithi nafasi yake halijapatikana. Somo ni jengine, limefungamana na mafunzo ya unyago na ndoa, na mwenzangu ni la kila mtu. Lugha imepoteza mengi katika miaka hii na huliliwa kwenye makongamano, lakini hili la wanawake halijapata mwenye kulililia hadharani.

Pengine ndiyo maana kanga imedumu. Mwanamke asiyeweza kumjibu aliyemwita vibaya hununua jibu lililokwisha kuandikwa, akajifunga kiunoni, akapita mbele ya mlango unaohusika. Hakumtaja mtu na hakuna aliyemtaja. Aliyekusudiwa husoma. Taarabu ya mipasho imejengwa juu ya busara hiyo hiyo, na anayenyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji pale neno linapofika hajibu swali la nani kamkera. Waungwana huziona hizo kuwa fitina za wanawake. Ni fitina, ndiyo. Lakini mtu anayeitwa kila siku na kila mtu kwa jina asilolichagua, wala hana ruhusa ya kulikataa, atajibia wapi?

Kuna pahali pamoja ambapo jina kamili la mwanamke wa Unguja hutamkwa kwa sauti kubwa, nalo ni tangazo la kifo redioni. Msomaji huanza na wanaotangaza na jamaa wa karibu, kisha huja jina lenyewe, Bi fulani binti fulani, halafu mama wa fulani na fulani, mke wa marehemu fulani, dada wa fulani wa Makunduchi au wa Wete, na saa ya maziko baada ya sala. Jirani wa miaka thelathini, aliyegawana naye moto na chumvi, husikia jina hilo akiwa anachambua mchele, na halimwambii kitu. Anaendelea kuchambua. Ni pale msomaji anapofika kwenye watoto, akataja Ali, ndipo anapoweka ungo chini na kutafuta mtandio.